Aliyetafsiri "Wote": Maisha ya Marehemu Jailos Mwasomola

Ndugu mliokuja kumzika kaka yetu, nitasoma polepole, maana sikuzoea kusimama mbele za watu.

Marehemu Jailos alizaliwa tarehe 14 Machi 1909, katika milima iliyo juu ya mji wa Mbeya, mtoto wa kwanza wa Mzee Anania na Mama Tupokigwe. Mimi Abrahamu ndimi niliyemfuata.

Shule aliianza akiwa kijana mkubwa, mwaka 1925, kwa kuwa vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vimefunga shule za misheni. Alisoma miaka minne. Mwalimu alisifu hati yake, lakini alimchapa mara nyingi kwa kuuliza maswali.

Mwaka 1931 alipata kibarua cha barabara pale Igawa. Wenzake kambini walikuwa Wahehe, akajifunza lugha yao huku akipasua mawe. Barabara ilipomleta Iringa, alifika huku Idodi akamposa Damari. Siku ya posa, bibi yake Damari, Bibi Sekalinga, alimtania mbele ya wazee: "Mume wangu huyu anasema Kihehe kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni!" Marehemu akajibu, "Basi nipulizie, bibi, kipoe." Wakacheka, na posa ikapokelewa. Walifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 1934, nami baadaye nikahamia huku kwao.

Kuanzia mwaka 1944 alikuwa mkalimani wa ibada katika mtaa wetu wa kanisa hapa Idodi. Mchungaji Danieli alihubiri kwa Kiswahili, na marehemu aliwapa wazee kwa Kihehe. Jumapili moja mwaka huo Mchungaji alihubiri kwamba Kristo alimwaga damu yake kwa ajili ya wateule tu, si kwa kila mtu. Bibi Sekalinga alikuwa amekaa benchi la mbele. Alikuwa amezika watoto wanne kabla Injili haijafika Idodi. Marehemu alimtazama usoni, kisha akasema kwa Kihehe: "Alikufa kwa ajili ya wote, na wale walioondoka kabla hawajasikia." Tangu siku hiyo, kila Mchungaji aliposema "wateule", yeye alisema "wote". Akaendelea hivyo miaka kumi na mmoja. Bibi Sekalinga alibatizwa, akafa mwaka 1949 akiwataja wanawe mmoja mmoja kama watu anaokwenda kuwaona.

Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka Iringa mjini anayejua lugha zote mbili, akamweleza Mchungaji. Kikao cha wazee wa kanisa kiliitwa Jumamosi, tarehe 17 Septemba.

Mchungaji aliuliza, "Jailos, mimi nilisema nini?"

"Wateule, Mchungaji."

"Na wewe?"

"Wote."

"Nani alikutuma?"

"Niliwatazama usoni, nikakosa wa kumwacha."

Hapo Mzee Kalinga akapiga goti lake, akasema, "Kumbe mahubiri matamu yote yale yalikuwa ya mkalimani!" Watu wakaangua kicheko. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomponza marehemu. Aliwekwa chini ya marudi, asishiriki Meza ya Bwana mpaka asimame kanisani na kuwaambia wale wazee aliowatafsiria, kwa Kihehe, kwamba aliwadanganya. Tulioinua mikono kukubali tulikuwa saba. Mkono wangu ulikuwa mmoja wao.

Nilimsihi asimame, yaishe. Alinijibu, "Abrahamu, nikisema hivyo, nitakuwa nawatoa wale watoto wa bibi kwa mkono wangu." Kwa miaka karibu mitatu alikaa benchi la nyuma. Wale aliokuwa akiwatafsiria walimpita mlangoni wakitazama viatu vyao.

Kifua kilimwanza Januari mwaka huu, 1958. Mwezi wa Mei aliomba Meza ya Bwana. Mimi ndimi niliyepeleka ombi, na mimi ndimi niliyerudisha jibu: atubu kwanza. Alisikia, akageukia ukutani. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, bila mkate wala divai. Kengele haikupigwa. Tunamzika hapa shambani kwake kwa sababu makaburi ya kanisa tumenyimwa.

Sijui vitabu vya kuamua damu ile ilimfikia nani na ikamwacha nani. Najua ni nani alimwacha Jailos. Ni sisi.

Ameacha mjane, Damari, watoto watatu, Marta, Edmund na Alinanuswe, wajukuu watano, na mimi mdogo wake, ambaye tangu leo si mzee wa kanisa tena.

Wazee mliokaa pale mbele msiojua Kiswahili, mnisamehe. Aliyekuwa akiwatafsiria ndiye huyu tunayemshusha. Kihehe changu ni kibovu, lakini neno moja nalijua, alinifundisha yeye, na nitawaambia kwa lugha yenu nikimaliza kusoma.

Apumzike kwa amani, pamoja na wote.