Risasi Iliyochelewa Sokoni Rangwe

Wasikilizaji wapendwa, kama redio iko jikoni, iongezeni sauti kidogo. Kama iko shambani, itundikeni mahali pasipo upepo. Leo tunamkumbuka mtu wa Uriri, kule Migori. Jina lake ni Mwikwabe. Kazi yake ilikuwa kuchanja mbwa, na kupiga risasi wale wenye kichaa na wanyama wanaoharibu mimea. Mwikwabe wa Uriri, mwenye bunduki ndogo. Tumemzika Jumamosi, mwaka huu wa tisini na nane.

Tunamkumbuka kupitia kwa mke wake, Awino. Ndiye aliyetupokea, akatuwekea viti, akakaa mbele yetu na leso mkononi. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Niulizeni tu. Lakini msitegemee jibu. Mimi mwenyewe nimechanganyikiwa."

Awino ni binti wa Kijaluo, wa Rangwe, upande wa Homa Bay. Mwikwabe alikuwa Mkuria. Alifika kwao kuchanja mbwa, akaletewa chai, akarudi tena wiki iliyofuata ingawa mbwa walikuwa wamekwisha kuchanjwa. Hivyo ndivyo ndoa ilivyoanza. Wakapata binti mmoja, Joyline.

Mwaka wa tisini na tatu, Mwikwabe aliambiwa achague bunduki ya kazi. Mtunza stoo, Bwana Onsongo, alimpangia tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa bunduki kubwa ya kijeshi. Ya pili ilikuwa ile inayotawanya chembe. Ya tatu ilikuwa nyembamba kama mwanzi, ya risasi ndogo, ile watu huiita pointi tuu-tuu. Wenzake wote walikuwa wamechukua kubwa. Mwikwabe alizinyanyua zote, akaziegemeza begani moja moja. Kisha akachukua ndogo.

Bwana Onsongo alicheka mpaka akashika meza. "Mwanamume mzima! Hiyo si ya kupigia njiwa?"

"Risasi zake ni rahisi," Mwikwabe akasema. "Nitafanya mazoezi mengi."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Awino alipoanza kuchanganyikiwa. Onsongo aliambiwa ni kwa sababu ya mazoezi. Mzee Momanyi, mwanajeshi mstaafu aliyewafundisha shabaha, aliambiwa jambo lingine: kwamba bunduki kubwa inapiga teke, na mtu anayengoja teke hupepesa jicho. Awino alipouliza, aliambiwa, "Ni nyepesi kubeba, Mama Joyline." Bunduki moja, majibu matatu.

Mazoezi yenyewe yalikuwa kituko. Mwikwabe alilala kifudifudi nyuma ya nyumba, bunduki haina kitu ndani. Juu ya mtutu aliweka punje ya mahindi. Akavuta pumzi, akaitoa nusu, akakaza kidole polepole mpaka kifyatulio kikalia. Punje ikianguka, alianza upya. Majirani waliopita njiani walitikisa kichwa. Awino naye aliona haya, akawa anaanika nguo upande wa pili ili asionekane yuko naye. Lakini magunzi yalipopangwa mbele ya kichuguu na risasi za kweli zikatiwa, hakuna gunzi lililobaki limesimama.

Mzee Momanyi alituambia hivi: "Mtu asiye na shabaha haokolewi na risasi kubwa. Anafanya tu makosa makubwa. Mwikwabe alilijua hilo kabla sijamfundisha."

Wasikilizaji wapendwa, twende sasa Rangwe. Mwaka ni tisini na sita, siku ya soko. Awino alikuwa amekwenda kwao na magunia mawili ya njugu. Mwikwabe alikuwa Rangwe pia, kikazi, kwa sababu mbwa mwenye kichaa alikuwa ameonekana barabarani. Kila mmoja alijua mwenziwe yuko mjini. Hakuna aliyejua mwenziwe yuko wapi hasa.

Mbwa aliingia sokoni mchana. Alikuwa wa rangi ya udongo, mate yakimning'inia, akitembea kama mlevi. Watu wakapiga kelele, wakakimbia. Wengi wakajitupa ndani ya kinu cha unga, kibanda cha mbao pale kando, wakafunga mlango. Awino alikuwa miongoni mwao. Alibanwa ukutani, unga ukimwingia puani, mtoto wa mtu akimlilia kiunoni. Kupitia ufa wa ubao aliona nje.

Aliona mama mmoja amebaki. Huyo ni Trizah, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa ameteleza akaanguka, na sasa alijikinga na karai lake. Mbwa alisimama kati yake na kinu.

Kisha Awino akamwona mume wake.

Mwikwabe aliinua bunduki. Mtutu ulielekea kwa mbwa, na nyuma ya mbwa kulikuwa na kinu. Awino anasema alitazama ndani ya ule mtutu kama mtu anayetazama ndani ya chupa. Watu waliokuwa juu ya paa za vibanda wakapiga kelele, "Goye! Mpige! Unangoja nini?"

Mwikwabe akashusha bunduki.

Akaanza kuzunguka. Hakukimbia, maana mbio zingemchokoza mbwa. Alitembea kando kando, macho hayabanduki. Trizah akamwita, "Baba, nisaidie!" Akaendelea kuzunguka. Mbwa akaruka, karai likaanguka, meno yakaingia mkononi mwa Trizah. Wuololo! Soko lote likalia. Mwikwabe alikuwa ndiyo kwanza anajilaza chini, kwenye tope la omena, mahali ambapo nyuma ya mbwa palikuwa na rundo la udongo wa murram na hakuna mtu. Mbwa akauachia mkono, akageuza kichwa. Mlio ukasikika, mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjika. Mbwa akalala. Risasi ilikuwa moja tu.

Trizah alipelekwa Homa Bay. Alidungwa sindano zote, akapona. Narudia: Trizah alipona, yuko hai mpaka leo. Lakini mkono ulibaki na kovu, na maneno yakaanza. Kaka yake, Boaz, alisimama pale pale sokoni akasema, "Alimwacha mbwa amle dada yangu kwa sababu bibi yake alikuwa nyuma ya ukuta!" Maneno hayo yalifika mpaka Mbita.

Awino aliyasikia siku ile ile, akiwa anapima njugu. Kesho yake, wakiwa nyumbani Uriri, mume wake akisafisha mtutu kwa kitambaa, alimuuliza.

"Baba Joyline, jana ulijua niko ndani ya kinu?"

"Nilijua kuna watu. Niliwaona wakiingia."

"Sikuulizi watu. Nakuuliza mimi."

Mwikwabe aliendelea kusafisha. "Nilijua kuna watu, Mama Joyline."

Awino alituangalia, akatwambia tuelewe. "Akisema ndiyo, basi damu ya Trizah iko juu yangu. Akisema hapana, basi kwake mimi ni mtu tu, kama yule mwingine. Sasa mimi nilitaka aseme lipi? Hata hilo sikulijua. Nilikuwa namchukia kwa kunyamaza, na naogopa asije akasema."

Alikwenda kwa Mzee Momanyi. Mzee akamwambia hata risasi ndogo inapita ubao, na ile kubwa ingepita ubao, ipite mtu, imtafute wa pili. Awino akauliza, "Kwa hiyo ndiyo sababu alichagua ndogo?" Mzee akakuna kidevu. "Mimi aliniambia ni jicho. Labda na hilo lilikuwamo. Sijui, shemeji."

Miaka miwili wakaishi hivyo. Walikula pamoja, walicheka, walimpeleka Joyline shule. Swali lilikaa hapo katikati kama mgeni asiyeaga. Kisha malaria ikampanda Mwikwabe kichwani, na kabla watu hawajajua ni nzito kiasi gani, alikuwa amekwenda.

Mazishini Uriri walikuja Wakuria na Wajaluo. Trizah naye alikuja, amevaa blauzi ya mikono mirefu. Alikaa nyuma, hakumsalimu mtu. Jeneza liliposhushwa, Mzee Momanyi na wale waliofanya kazi na marehemu walijipanga kwa heshima, bunduki kubwa mikononi, wakazielekeza juu.

Awino akasimama. "Hapana."

Watu wakadhani ni kilio. Kaka wa marehemu, Mirumbe, akamshika bega amkalishe. Akajitoa.

"Hizo risasi zitaanguka wapi?"

Mzee Momanyi akasema kwa upole, "Shemeji, ni heshima tu. Tunapiga hewani."

"Nimesikia. Zitaanguka wapi? Huko chini kuna shule, kuna watu wanachunga. Mmewaona?"

Mzee Momanyi alitazama juu, akatazama bondeni, akashusha bunduki yake. Wengine wakashusha. Trizah alitoka nyuma, akapita katikati ya watu mpaka kwa Awino. Alisema kwa sauti ya kusikika: "Mimi bado nina uchungu na huyu mtu. Sitadanganya mbele ya kaburi. Lakini wewe umesema kweli." Akakaa chini kando yake, na hapo akabaki mpaka udongo ukajaa.

Tulimuuliza Awino kama sasa amepata jibu lake. Akatabasamu kidogo. "Nilipoongea pale, nilisikia kama ni yeye anaongea. Lakini kama alijua ni mimi nyuma ya ule ukuta, hapo bado sijui. Ameenda nalo."

Kwa Awino, kwa Joyline, kwa ndugu Mirumbe na jamaa wote wa Uriri na Rangwe, poleni sana. Mungu awashike. Kwa Trizah pia, pole, maana na wewe ulibeba sehemu yako. Nanyi wasikilizaji wapendwa, pengine nyumbani kwenu kuna mtu mnayemhukumu kwa jambo alilolichelewesha. Mfikirieni upya leo, hata kama hatawaeleza.

Kwa kawaida hapa tungepiga wimbo. Familia imeomba tusipige chochote. Basi tukae kimya pamoja, kidogo.