Mizani, Bega Lake na Kamera Mbili

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, mpigapicha mwandamizi wa gazeti letu, ambaye humu ndani hakuna anayemwita jina jingine ila Mizani, atatimiza miaka thelathini na tatu na miezi miwili ya utumishi. Siku hiyohiyo anastaafu. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye mkuu wa dawati la picha na nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa. Ninayo na sababu yangu mwenyewe, nayo nitaifikia.

Mizani aliingia kazini kama mwosha filamu. Enzi hizo picha zilisafishwa kwenye chumba cha giza mwisho wa korido, pale ambapo leo tunaweka karatasi za mashine ya kuchapia. Alikaa humo miaka miwili, akitoka mchana macho yamemkunjamana kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Siku moja mpigapicha wa zamu aliugua tumbo, mechi ya fainali ikawa haina mtu, na mhariri wa michezo akamtupia kamera mwosha filamu. Alirudi na picha ya golikipa akiwa hewani, mpira umeshampita, uso wake umeshajua. Ilitoka ukurasa wa mwisho, robo tatu ya ukurasa. Chumba cha giza kikatafutiwa mwosha filamu mwingine.

Kwa miaka mingi alijulikana kwa lenzi ndefu. Akisimama upande huu wa uwanja, aliweza kukuletea jasho la mtu aliyekuwa upande ule. Umbo nalo lilimruhusu. Mizani ana viganja ambavyo havijawahi kupata glovu inayovitosha, na kikombe cha chai hukishika kama bilauri kwa sababu kidole chake hakipiti kwenye mkono wa kikombe. Kamera ya kizazi chetu, ile kubwa yenye kioo ndani kinachopiga "kla!" kila unapobonyeza, ilikaa mkononi mwake kama imezaliwa humo. Wengine tuliishika kwa mikono miwili na dua.

Jina la Mizani lilitokana na tabia yake moja. Kila alipokuwa akitoka kwenda kazini alipitia chumba cha vifurushi, akaweka begi lake juu ya mzani wa posta, akaandika kwenye daftari dogo: uzito, saa aliyotoka, na aliporudi, hali ya bega kwa namba, kuanzia sifuri hadi tano. Sifuri maana yake bega halina neno. Watu wa vifurushi walimchoka kwa upendo. "Leo tukubandike stempu?" walimuuliza, naye aliwajibu kwamba hakuna stempu inayotosha kilo nne. Sote tulicheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufungua lile daftari.

Miaka minne iliyopita mke wake, mshona nguo ambaye nusu ya ofisi hii imevaa kazi ya mikono yake, alikuja kuleta suti ya mhasibu. Akanivuta pembeni. "Dada, yule baba siku hizi anavaa shati kwa mkono mmoja," alisema. "Mkono wa kulia nauingiza mimi. Ukimuuliza anasema shati limebana. Shati nimeshona mimi!" Wiki iliyofuata tulimsukuma kwa daktari, na daktari hakuzunguka mbuyu: mishipa ya bega imelika. Apunguze mzigo kwa nusu, au aache kazi ya nje.

Kazi ya ndani ipo. Ni maktaba ya picha, kiti kizuri na kompyuta, kupanga picha zilizopigwa na wenzako. Mizani alikuwa amebakiza miaka minne, na neno lake lilikuwa moja tu, kwamba aliingia kazi ya nje na angependa kuimalizia nje. Hakulia wala hakugomba. Ila wiki ile hakupita chumba cha vifurushi hata mara moja, na wale jamaa wakaja kuniuliza kama anaumwa.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na akili zangu. Nilikuwa nimesoma habari za kamera mpya zisizo na kioo, zenye sensa ileile kubwa ya fremu kamili, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, lakini zenye umbo jembamba na jepesi, gramu mia mbili na hamsini pungufu. Nikaomba moja ya majaribio. Ilipofika nilimkabidhi Mizani kwa bashasha kama mtu aliyegundua dawa.

Akaipeleka kwenye mzani. Lenzi ndefu tuliyokuwa nayo haikuingia kwenye kamera hiyo bila kiunganishi, na kiunganishi nacho ni chuma. Vilipofungwa vyote pamoja, tofauti na kamera ya zamani ilikuwa gramu mia moja na arobaini. "Bosi," aliniambia, "umenipunguzia chungwa moja." Tena uzito wenyewe ulikuwa umehamia mbele, kwenye lenzi, na huku nyuma mshikio ulikuwa mfupi, kidole chake cha mwisho kinaning'inia chini bila pa kukaa. Akasema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kumbe kikikosekana hata kamera haishikiki. Mimi nikamwambia atazoea.

Siku ya nne alitumwa mahakamani. Mwalimu mmoja aliyekaa rumande miaka sita alikuwa anaachiwa, na mama yake alikuwa amekaa kwenye ngazi tangu asubuhi na mfuko wa nguo safi. Mizani alisubiri kuanzia saa mbili hadi saa nane, kamera imening'inia shingoni, swichi iko wazi kama alivyozoea maisha yake yote. Kamera ya kioo ukiiacha wazi siku mbili haidhuriki, kwa kuwa ukichungulia unaona kwa mwanga wa jua tu. Hii mpya huchungulii dunia, unachungulia kioo kidogo cha televisheni, na kina kijicho pembeni kinachokiwasha uso wako ukisogea. Kile kijicho kilikuwa kimelalia tumbo la Mizani. Kwa saa sita kamera ilidhani tumbo ni uso wa mtu, ikamwonyesha tumbo ngazi za mahakama mpaka betri ikakauka. Mlango ulifunguliwa, mama akainuka, Mizani akabonyeza, na kamera haikujibu. Betri ya akiba ilikuwa kwenye gari.

Alirudi ofisini, akasimama mbele ya meza yangu, akasema, "Sina picha." Katika miaka ishirini na tisa hakuwahi kusema maneno hayo mawili. Magazeti mengine yote yalimtoa yule mama akiwa amemshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili. Sisi tulitoa picha ya jengo.

Na sasa nimefika kwenye sababu yangu. Jioni ile niliandika barua kwenda idara ya utumishi nikipendekeza Mizani ahamishiwe maktaba ya picha. Niliandika kwamba bega limeshindwa mzigo wa zamani na mtu ameshindwa chombo kipya. Nilimpa nakala, kama utaratibu unavyotaka. Aliisoma akiwa wima, akaikunja mara mbili. "Nipe miezi mitatu," alisema. "Nikishindwa, hicho kiti cha maktaba nitakibeba mwenyewe." Kisha akatoa lile daftari mfukoni, akaliweka juu ya meza yangu, akaenda zake.

Nililisoma lote. Miaka ishirini na moja ya uzito, saa na bega. Sifuri, sifuri, moja. Kisha mbili. Miaka sita ya mwisho, tatu na nne, na siku za mechi kubwa, tano. Siku ya mahakama ameandika bega tatu, na kwa mara ya kwanza ameongeza safu mpya: kidole, nne. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliuchagua mzigo wa mwenzangu kwa kusoma kijitabu cha matangazo, na hesabu ya kijitabu ilikuwa ya kamera tupu, isiyo na lenzi. Niliona haya sana, na leo nayaandika mbele ya wote.

Asubuhi nilimwomba anivishe ile kamera na lenzi ndefu, nikatembea nayo zamu nzima. Kwenye viganja vyangu, ambavyo ni vidogo, mshikio ulikaa sawasawa, na nikaelewa kwa nini vijana wa dawati waliipenda. Shingo ndiyo iliyoniambia ukweli ilipofika saa ya nne ya zamu. Kwa hiyo si mimi wala yeye aliyekuwa muongo. Kamera ilikuwa ndogo, lenzi ilikuwa ileile, na mikono haikulingana.

Tulirudi kazini wote. Fundi wa stoo alichomoa ubao wa droo iliyokufa, akauchonga, akautia skrubu chini ya kamera. Kidole cha mwisho kikapata makazi kwa gramu hamsini na tano. Mshona nguo alishona mkanda mpana wa kukatiza mgongoni, mabega yote mawili yagawane. Mizani mwenyewe alikizima kile kijicho kisiwake mpaka abonyeze, akajifunza kuzima swichi kwa dole gumba kila anaposhusha kamera, na akaanza kutembea na betri tatu mfuko wa shati. Kubwa kuliko yote, aliiacha lenzi ndefu kabatini. Alichukua kamera mbili ndogo, ya pili nikiwa nimeiomba mimi, na lenzi fupi mbili. Mzani wa vifurushi ulisoma kilo mbili na gramu mia mbili, karibu nusu ya mzigo wake wa zamani, na daktari hakuwa na la kuongeza.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko uzito. Mtu aliyepiga picha miaka ishirini na tisa akiwa mbali sasa ilimbidi awasogelee watu. Wiki za kwanza picha zake zilikuwa za mgeni aliyekosea mlango. Aliniletea migongo na viwiko, na picha nyingine nzuri sana ya bega la askari. Nilizikataa nyingi, naye alizikataa nyingine kabla sijaziona. Daftari likasema bega mbili, kidole moja.

Mwezi wa tatu wa ile mitatu aliyoiomba, kiwanda cha viatu kilifungwa. Wapigapicha wote waliwekwa kwenye ngazi za juu na lenzi zao ndefu. Mizani hakuwa nayo, akaomba ruhusa ya kushuka chini. Alisimama hatua mbili kutoka kwa mama mmoja mwendesha cherehani, aliyekuwa amekaa kwenye mashine ileile tangu akiwa msichana. Kengele ilipolia, mama yule alizima mashine, akaifunika kwa kitambaa, kisha akabaki ameweka kiganja juu ya kitambaa. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Kamera yenye kioo ingepiga kelele zake na mama angegeuka. Hii haikutoa sauti. Picha ile ilitoka ukurasa wa kwanza, ukurasa mzima, na baadaye ikapata tuzo mbili ambazo ziko kwenye kabati la mapokezi.

Baada ya wiki mama yule alikuja kuomba nakala. Nilimuuliza kama aliona anapigwa picha. "Nilimwona, mbona ni mkubwa vile?" alijibu. "Ila alikaa kama jamaa wa marehemu. Nikaona sina haja ya kujificha." Nakala aliipata, na ile barua yangu niliirudisha kutoka utumishi siku hiyohiyo.

Mizani aliandika ripoti ya ukurasa mmoja ambayo hadi leo ndiyo inayotuongoza. Kamera kubwa zimebaki kwa wapigapicha wa michezo, kwa sababu lenzi nzito inataka mwili mzito wa kuishikilia, na mkono mkubwa hauchoki ukiwa umejaa. Ndogo zimekwenda kwa wanaotembea. Kila mgeni kwenye dawati anapimwa kiganja kwanza ndipo apewe kamera, na kila mmoja hubeba chombo chake saa sita kabla hajasaini. Sentensi ya mwisho ya ripoti hiyo inasema: "Wepesi hautoki dukani, unatokana na ulichokubali kukiacha." Watu wa ununuzi hawakuipenda.

Hana kasoro? Anazo. Hajawahi kurudisha kalamu ya mtu. Anaimba kwenye lifti. Amewafundisha vijana wa dawati kupima mabegi yao, na sasa asubuhi kuna foleni chumba cha vifurushi huku vifurushi vyenyewe vikisubiri. Tutayamisi hayo yote, hata kuimba.

Mizani, kaka yangu, asante kwa miaka thelathini na tatu na kwa miezi mitatu ile. Tunakuombea bega lisilo na neno, asubuhi ndefu pamoja na mshona nguo wako, na shati unalovaa kwa mikono yako miwili. Uishi salama na maisha yakunyookee.

Tangazo kwa wafanyakazi wote: hafla ya kumuaga Ijumaa haitaanza saa nane mchana kama ilivyobandikwa ubaoni. Itaanza saa kumi na moja jioni. Mstaafu amepangwa zamu ya nje mpaka saa kumi, nasi tumemuuliza kama tumtafutie mtu wa kumshikia. Amekataa.