Mama Plagi na Pikipiki Iliyokosa Pumzi

Miaka thelathini na moja Mama Plagi amebeba damu za watu kwenye pikipiki, na hajamwaga hata tone. Ijumaa hii, tarehe thelathini, anastaafu rasmi kazi ya kusafirisha sampuli za hospitali yetu. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake. Wapo wenye kalamu nzuri na maneno marefu, lakini wakaja gereji kwangu, na hapo walitumia akili. Nani mwingine anamjua hivi? Spana ya kwanza nilimshikisha mimi.

Alianza kazi akiwa msichana mwembamba, helmeti ikimcheza kichwani kama sufuria. Asubuhi anachukua boksi la barafu, anapita zahanati moja baada ya nyingine akikusanya chupa za damu, na kabla jua halijawa kali awe amezifikisha maabara. Zikichelewa zinaharibika, mgonjwa anachomwa sindano upya. Kwa hiyo dada yetu alikuwa mtu wa haraka, ila haraka yenye adabu. Hakuwahi kumrushia mtu matope.

Gereji yangu ina magari ya wagonjwa, pikipiki husubiri zamu. Yeye kusubiri hakuweza. Kila Jumamosi aliifanyia huduma nyumbani kwake, sebuleni, makochi yamesukumwa ukutani na magazeti yametandikwa chini. Oili chafu kwenye karai. Mnyororo anausugua kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, kisha anaupima ulegevu kwa kidole. Plagi ya cheche anaitoa, anaikwangua, anaitazama rangi kama daktari anavyotazama ulimi. Nyingine ya akiba hukaa kwenye pochi pamoja na poda, na ndiyo maana tunamwita tunavyomwita. Mumewe, shemeji yetu fundi cherehani, alizoea kusema sebule yake ina mgeni asiyejua kuaga.

Mwaka jana mambo yaliharibika. Pikipiki ikaanza kuzima njiani. Asubuhi inawaka vizuri, inakwenda, halafu inakohoa na kunyamaza. Ukikaa kidogo inawaka tena kama haijui ilichofanya. Msimamizi wa usafiri akasema ikizima tena, boksi litapanda gari, na Mama Plagi atamalizia utumishi wake mezani mapokezi akigawa namba. Alisema kwa upole, lakini alisema. Dada yetu alitoka pale uso umemshuka. Kustaafu akiwa kitini, kwake, kulikuwa sawa na kushushwa njiani kabla ya kufika.

Nilifungua kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, nikaisafisha ikang'aa. Kabureta ile haikuwa na kosa, na hilo nalisema mpaka leo. Nikamwambia ubovu hauko kwangu, akautafute kwake.

Jumamosi akaiingiza sebuleni, akaenda hatua kwa hatua nilivyomfundisha. Cheche zipo. Chujio la hewa safi. Akachomoa mpira wa petroli: ikatiririka, ikapungua, ikabaki matone, na tangi limejaa. Akafungua kifuniko cha tangi achungulie, petroli ikaja kwa nguvu yenyewe. Ndani ya kifuniko akakuta duara la nailoni, limekatwa kwa mkono usiotetemeka. Mkono ule aliujua.

"Baba watoto, hiki ni nini?"

"Koti la mvua," akajibu shemeji bila kusimamisha cherehani. "Si ulilalamika maji yanaingia kwenye petroli? Nikalipima tangi lako umelala."

Sasa, kwa msiojua: kifuniko kina kitundu cha kuingizia hewa. Kikizibwa, petroli haishuki, tangi linakosa pumzi. Fundi mbovu angekata vibaya, hewa ikapita, na pikipiki ingekwenda tu. Shemeji alikata sawasawa mno. Mama Plagi alicheka mpaka akakaa juu ya magazeti, na shemeji akanuna kidogo, akisema hata hivyo maji hayakuingia.

Jumatatu msimamizi alimfuata nyuma kwa gari njia nzima, zahanati zote, akingoja izime. Haikukohoa hata mara moja. Mezani mapokezi wakamtafuta mtu mwingine, na dada yetu akabaki barabarani, na jana ameleta boksi lake la mwisho, barafu haijayeyuka.

Hospitali imemkabidhi pikipiki ile iwe yake. Safari ya kwanza ni kwa dada yake mkubwa, shemeji akiwa nyuma, na tayari amejishonea suruali ya safari.

Mama Plagi, asante kwa kila chupa uliyoifikisha. Wengi wa wenye damu ile hawalijui jina lako, lakini wako hai. Sisi wa gereji, maabara na zahanati tunakuombea afya na siku zisizo na haraka. Ila tairi la nyuma liongeze upepo kidogo, dada, maana sasa mko wawili.