Mama Shina Hakucheka

Miaka thelathini na moja na miezi minne. Hesabu hiyo nimeipiga mwenyewe kutoka kwenye faili lake, kwa sababu kadi ya mwaliko imeandika thelathini kavu, na yeye asingetusamehe. Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Shina, mhakiki mkuu wa kiwanda chetu cha uchapaji, anastaafu.

Alianza kama msomaji wa prufu, kwenye meza iliyobanwa na mlango wa choo. Mwaka wa sita akaletewa mswada wa visasili vya Kihindu kwa ajili ya shule. Akaulinganisha na vitabu vitatu vya madukani. Kila kimoja kilikuwa na hadithi yake. Sisi wengine tungechagua kilichotupendeza tukaenda zetu nyumbani. Yeye akasema hayo yote ni matawi, anataka shina. Jina likamganda hapo hapo.

Basi akajifunza Kisanskriti, lugha ya kale ya visasili hivyo. Nusu saa ya chakula cha mchana, kila siku ya kazi, miaka saba, akianzia herufi kama mtoto wa chekechea. Kamusi yake imegundishwa mgongo mara tatu. Mumewe, fundi saa, husema mkewe ana mume wa pili, mkongwe asiyejulikana umri, ila hamwonei wivu maana hali wala hanywi.

Ametuhakikia vitabu kumi na vinne. Mimi, msimamizi wa mitambo, nilikwaruzana naye kwa kimoja tu, ukurasa wa 47.

Kilikuwa kisa cha mgeni aliyetumbukia bwawani ndani ya jumba la kifalme, akidhani anakanyaga sakafu. Chini ya picha iliyokosa maelezo niliandika mwenyewe, bila kumwonyesha, kama nilivyosimuliwa tangu utotoni, kwamba malkia alimcheka na kicheko hicho kikazaa vita. Nakala 1,200 kati ya 3,000 zilikuwa zimeshatoka Mama Shina alipopiga simu kutoka ghorofani: mtambo usimame. Nikatoka mbio kwenda kuuzima, nikatumbukiza mguu mzima kwenye ndoo ya maji. Karakana ikaangua kicheko. Mmoja akauliza kama nimekuja kuchapa au kuoga.

Mama Shina akanifungulia andiko la asili. Mgeni anapotumbukia, wanaocheka ni wanaume wa nyumba ile na watumishi. Malkia hatajwi. Anatajwa baadaye, na mgeni mwenyewe aliyeaibika, anapokwenda kumlalamikia baba yake kwamba malkia naye alimcheka.

Kurasa kumi na sita, maana hutoka pamoja kwenye karatasi moja kubwa, nilizichapa upya mimi. Pongezi akapewa yeye. Kwa miaka kumi na moja nimesimulia kantini kwamba siku ile aliyecheka kuliko wote ni Mama Shina.

Wiki iliyopita, nikiandaa maneno haya, nikaona nifuate njia yake: nikawauliza waliokuwepo. Watu watano. Wote watano wakaapa kwamba hakushuka. Alikuwa ghorofani, simu sikioni, akinisubiri nirudi. Kumbe nilimwongeza mimi, nilipokwenda kulalamika kantini.

Jumanne nilipanda kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu nyekundu, akataka kujua kosa liko ukurasa gani.

Liko ukurasa huu, Mama Shina. Nakala 180, moja kwa kila mfanyakazi, na safari hii mtambo hausimamishwi. Asante kwa kutufundisha kupita matawi. Nenda kwa amani, ule na usome taratibu pamoja na waume zako wote wawili: kuanzia Jumatatu mchana wako hauna kengele.