Warumi Hawakuwa na Pampu

Siku ya tatu, bomba za Rosettenville zinakohoa upepo mtupu. Kwenye benchi la kahawa la Mwadini, mbele ya saluni ya Joséline, Elisée amebana dumu la maji la lita tano katikati ya miguu. Joséline, dada yake, alimpa onyo moja: “Mteja ana dawa ya nywele kichwani. Nikiita, lete maji mbio. Yakikosekana, ataungua.” Miaka mitano ya uhandisi wa maji Bujumbura, CV tisini alizotuma hapa jijini Jozi, na kazi yenyewe ndiyo hiyo: kulinda dumu. Kijiweni wanamwita Enjinia, na wanavyolitamka, afadhali matusi.

— Enjinia, alianza Lambert, mlinzi kutoka Lubumbashi. Roma ya zamani ilipata maji namna gani bila pampu?

— Mteremko, mon frère. Ule mfereji wao wa Nîmes, kilomita hamsini, unashuka mita kumi na mbili na ushee. Basi.

— Eish! Ile ni uongo. Walipanga watumwa, ndoo inapita mkono kwa mkono.

— Watumwa walale saa ngapi? Mwadini alidakia, birika mkononi. Ni matumbo ya ng'ombe, kaka. Unayashona, unapuliza, maji yanapanda mlima.

— Nani apulize kilomita hamsini? Lambert aliuliza.

— Majini wa mkataba, Mwadini alijibu.

Waliangua kicheko. Elisée hakucheka.

— Mawe na chokaa, imbéciles! Mtu alikaa chini akapima! Msomi!

— Msomi kama wewe? Lambert aliuliza taratibu. Basi walikufa na kiu.

Elisée alisimama. Aliokota mfereji wa plastiki ulioanguka kutoka paani, akauegemeza kwenye matofali, akafumba jicho moja, akapima. Akamwaga funda moja kutoka kwenye dumu. Likasimama katikati.

— Imekwama, alisema Lambert.

Akapunguza tofali. Akamwaga tena.

— Haifiki, Enjinia.

— Yatafika!

Akainamisha dumu lote. Watatu waliinama, pumzi zimebanwa. Maji yakatambaa, yakapita katikati, yakafika mwisho.

— Voilà! Mmeona?

— Elisée! Joséline aliita kutoka ndani. Maji! Sasa hivi!

Kabla hajageuka, mteja mwenyewe alishatoka mbio, kichwa cheupe kwa dawa, machozi yakimtiririka, mkono ameunyoosha.

— Amanzi? aliomba. Maji?

Mwadini alishika birika, akalirudisha. Kahawa ilikuwa bado inatokota. Lambert alitimua mbio kuelekea spaza, kile kiduka cha kona.

Elisée alibaki na dumu tupu. Pale chini, maji yalikuwa yakiingia kwenye shimo la maji ya mvua, polepole, bila kukwama popote.