Kahaso Gona Baya, Fundi Bomba wa Birika Kavu (1996–2025)

Dada yetu Kahaso alizaliwa tarehe 14 Machi 1996 huko Ganze, mtoto wa tatu wa Mzee Gona Baya na Mama Nyevu. Alisoma hukohuko, na asubuhi nyingi aliingia darasani mgongo umelowa kwa mtungi wa maji. Mwaka 2015 alijiunga na chuo cha ufundi Malindi, akahitimu kama fundi bomba, msichana pekee katika kundi lao.

Kazi ya mabomba ndiyo iliyomfikisha kwenye birika la zege lililo nyuma ya mtaa wetu, lililojengwa likaachwa bila kuingia maji hata siku moja. Mwaka 2018, yeye na Gitau, mchomeleaji kutoka Nakuru aliyekuwa na skeitibodi, ule ubao wa magurudumu wa kutelezea, walizoa mchanga na chupa, wakaziba nyufa, wakaanza kuteleza. Wasichana wa mtaani wakawafuata.

Ofisa mmoja alikuja na askari. "Tokeni! Hili ni birika la maji!"

"Shikamoo, mzee," Kahaso alijibu. "Yalete hayo maji. Yakifika, valvu nitaifungua mimi mwenyewe, na tutatoka."

Mbao zao zikachukuliwa. Kahaso akashinda ndani ya birika siku tatu mfululizo, juani, hadi zikarudishwa. Maji hayajafika hadi leo.

Alifunga ndoa na Gitau tarehe 11 Desemba 2021. Mama alimwuliza, "Sasa utaacha kuanguka, mwanangu?" Akasema, "Nitaacha kulia tu, mama." Walijaliwa binti, Cynthia.

Januari 2024 goti lilivimba. Ilikuwa saratani ya mfupa. Mwezi wa Juni mguu wa kulia ulikatwa. Wapo waliosema ni adhabu ya kuruka kama wanaume. Daktari alituambia waziwazi kwamba ubao haukuleta ugonjwa huu. Tunalisema mbele ya kaburi ili minong'ono iishie hapa. Alipopona kidonda alirudi birikani, akaukalia ubao, akateremka. Gitau alilia, yeye alicheka.

Alifariki tarehe 2 Agosti 2025, asubuhi, mikononi mwa mama.

Ameacha mume, binti, wazazi, ndugu watano, na wasichana kumi na tisa aliowafundisha kuteleza. Hao tumewaandika kwa sababu ni watoto wake. Asiyekubali na achukue kalamu afute.

Mola ampe Kahaso pumziko la amani.