Mnajimu wa Watoto Njiti na Miguu Yangu

Hili sijawahi kumwambia mtu: najua babu alinitabiria nini.

Ijumaa hii, tarehe thelathini, babu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya udaktari katika wodi ya watoto njiti. Wenzake wameniomba niandike wasifu wake, kwa kuwa mimi ni mkimya, na mkimya hudhaniwa ana busara. Shuleni nimefundishwa lugha mbili. Zote huwa nanyamaza nazo.

Wauguzi walimbandika jina la Mnajimu. Akiletewa mtoto mwepesi kuliko pakiti ya sukari, hupima uzito, huuliza umri wa mimba, husikiliza pumzi, kisha hutamka: huyu atapona, huyu macho yatamsumbua, huyu atachelewa kusema. Mara nyingi alipatia. Bahati mbaya kipaji hicho kiliishia getini. Hajawahi kutabiri mvua wala kuishiwa petroli, na gari lake wamelisukuma wauguzi wa kila zamu.

Watoto waliomwumbua, yaani waliokua vizuri kinyume cha maneno yake, huwaita wodini kila mwaka wale keki, na kuwatambulisha kwa wauguzi wapya kwa fahari: huyu nilimkosea vibaya. Sijaona mtu anayefurahia kushindwa kama yeye.

Mimi nilizaliwa na gramu mia tisa. Nikiwa darasa la nne nilimsikia jikoni akimkumbusha mama kwamba siku niliyozaliwa yeye babu alisema sitatembea. Ndipo nikaelewa kwa nini kila nikimwamkia, marahaba yake hufuatwa na ombi la kusimama kwa mguu mmoja. Eti mchezo. Mchezo gani huo, mmoja anacheza na mwingine amekodolea macho kifundo cha mguu?

Mama naye akamkumbusha analojisahaulisha: siku ile ile, yeye mama akiwa hajazinduka baada ya upasuaji, Mnajimu alifungua vifungo vya shati akanilaza kifuani, ngozi kwa ngozi, na hakuna aliyethubutu kunipokea kutoka kwake. Mdomo ulitabiri, kifua kikapinga.

Asante babu kwa wote uliowapatia, na zaidi kwa tuliokutia aibu. Mapumziko yawe marefu, na tenki lisikauke.

Nasikia kandambili zake zinakuja. Siku nyingine ukurasa huu ungekuwa umeshaingia chini ya mto. Leo nauacha mezani, mlango wazi, nami nasimama kwa mguu mmoja mpaka amalize kusoma.